Mume wangu kaua gari la kaka, nami nimeambiwa ninyamaze

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga mjini. Kwetu ni Muheza, mume wangu ni Mbena wa Njombe. Miaka minne tulikuwa hatujaenda kwao. Kila Krismasi tukipiga hesabu ya nauli ya basi, na mizigo, tunaishia kutuma salamu kwa simu. Mwaka jana kaka yangu mkubwa akamwambia mume wangu, "Shemeji, chukua Noah, nyie wekeni mafuta tu." Ni Noah ya zamani, zile ambazo injini imelala chini ya viti vya mbele. Kaka huitumia siku za gulio na huikodisha kwa watu wa harusi.

Tuliondoka Desemba 22, saa kumi alfajiri. Tulikuwa watu saba, na juu ya kerieri magunia mawili ya nazi, mchele na mabegi. Kaka alituaga vizuri, hata akatuwekea dumu la maji la lita 5 kwenye buti, akasema safari ndefu maji hayakosi kazi. Segera, Kabuku, Mkata, hakuna neno. Karibu na Msata nikaona mshale wa joto umepita nusu kidogo. Mume wangu akasema ni jua. Tulipofika Msamvu, Morogoro, tukanywa chai, kisha akafungua rejeta. Ikanywa lile dumu lote, likabaki kama kikombe kimoja. Akalijaza tena bombani, tukaendelea.

Mikumi tulipita salama, watoto waliona twiga na pundamilia. Lakini kufika Ruaha Mbuyuni nilihisi kiti kinaniunguza. Kilikuwa kinaunguza kweli, Shangazi, nilikunja kitenge mara nne nikakikalia. Nikamwambia tusimame ninunue vitunguu, wanavipanga pale barabarani, mama mkwe angefurahi. Ukweli sikuwa na shida na vitunguu, nilitaka gari lipumzike bila yeye kuona kwamba namfundisha kuendesha. Akasema tutanunua tukirudi, mama anasubiri.

Tukaanza kupanda Kitonga saa nane mchana, mbele yetu malori mawili yanajikongoja. Mshale ukapanda mpaka karibu na ile H ya joto kali. Nikasema, Baba, simama. Akasema ukisimama mlima huu utagongwa. Kisha mshale ukashuka wenyewe, mpaka chini kabisa. Akacheka, "Umeona? Imepoa." Hazikupita dakika tano, gari likaishiwa nguvu, likawa linagonga kama mtu anatwanga chuma, likazima. Watoto wanalia, ndani moshi. Mume wangu akafunga mkono kwa fulana, akafungua kifuniko cha rejeta, mvuke ukamuunguza mpaka kwenye kiwiko. Akamimina lile dumu.

Lori lilituvuta mpaka Ilula. Fundi akasema gasketi ya hedi imeungua, ile inayoziba kati ya hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, na bloku la chini yake, na kwamba hedi yenyewe ipelekwe Iringa mjini ikasawazishwe. Akapiga simu, wenye mashine wamekwisha funga kwa sikukuu. Mume wangu akamwambia, funga hivyo hivyo. Tukalala gesti siku mbili, tukalipa 350,000, tukaingia Njombe mkesha wa Krismasi saa tano usiku. Kurudi tulikuwa tunaongeza maji kila kilomita mia moja hivi.

Tulikabidhi gari Januari 6. Wiki moja baadaye kaka akapiga simu: gari haliwaki vizuri asubuhi, likiwaka linatoa moshi mweupe, na oili imekuwa kama chai ya maziwa. Fundi wake kasema injini imekufa, inunuliwe nyingine ya mtumba, 2,400,000 pamoja na kuifunga. Kaka anataka zote, na 400,000 juu yake kwa siku ambazo gari limelala. Mshahara wa mume wangu ni 620,000. Yeye anasema hatoi hata senti, gari lilikuwa bovu tangu zamani.

Sasa kinachoninyima usingizi ni hiki. Kaka kaniuliza mimi: "Mlianza kuona lini kwamba linachemsha?" Mume wangu keshaniambia niseme lilichemsha ghafla pale Kitonga, ya Msata na Morogoro nisiyataje. Nikisema kweli namuumbua mume wangu kwa ndugu zangu. Nikinyamaza namdhulumu kaka yangu. Mama keshasikia naye, kanuna. Nifanye nini?

Mama Watatu, Makorora

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kiti cha moto.

Mie si fundi, ila marehemu mume wangu aliendesha lori la masafa miaka 19, kutoka bandari yetu hii mpaka Tunduma. Mke wa dereva hujifunza maradhi ya gari atake asitake, maana ndiyo yanayomchelewesha mumewe, au ndiyo yanayosingiziwa. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma na mafundi wawili wa hapa Ngamiani ambao hawamjui kaka yako wala mumeo, nao walikubaliana kwa karibu kila kitu, jambo ambalo kwa mafundi ni nadra.

Kabla ya pesa na kabla ya ukweli, mpigie kaka yako leo hii umwambie asiliwashe tena lile gari. Hata kulihamisha toka juani kulipeleka kivulini, walisukume. Oili iliyogeuka chai ya maziwa maana yake maji yameingia kwenye oili, na oili ya namna hiyo hailainishi kitu. Kila dakika injini inapozunguka nayo, beringi za chini, zile zinazobeba mhimili wa injini, zinakwanguka, na zikiisha injini inagonga kweli, hapo ndipo 2,400,000 itakuwa na haki. Tena maji yakiwa yamejikusanya juu ya pistoni mtu akapiga starta, maji hayabaniki kama hewa, mkono wa pistoni unaweza kukunjika. Kwa hiyo kila asubuhi kaka yako anapojaribu "kuona kama litawaka", anajiongezea deni mwenyewe bila kujua.

Sasa, hiyo injini imekufa? Huenda haijafa. Rudia ulichoniandikia kuhusu Ilula. Fundi alisema hedi ikasawazishwe, mumeo akasema funga hivyo hivyo. Hedi ya injini hiyo ni ya alumini, bloku lake ni la chuma. Vikipata moto kupita kiasi, alumini hutanuka zaidi kuliko chuma, na kwa kuwa imebanwa kwa bolti, inapinda. Haipindi kama bati, inapinda kiasi ambacho jicho halioni, pengo la unene wa unywele linatosha kupitisha maji. Ukiweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni sawa na kufunika sufuria kwa kifuniko kilichokanyagwa. Itashika siku chache, kisha maji yataanza kutafuta njia: mengine yaende kwenye silinda, ndiyo moshi mweupe, mengine yaende kwenye oili. Dalili zote alizokutajia kaka yako zinaweza kuwa ni hizo tu.

Kwa hiyo asinunuliwe mtu injini kabla hedi haijafunguliwa. Itafutwe gereji ya mtu wa tatu. Fundi wa kaka yako asiguse, maana keshatoa hukumu, na fundi atakayetajwa na mumeo naye asiguse. Ifunguliwe pande zote mbili zikiwapo, fundi aweke rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi na apime pengo mbele ya macho yenu. Aangalie kama ina ufa, maana hilo nalo linawezekana, nitakwambia kwa nini. Beringi zikaguliwe. Kama hedi haina ufa na beringi ni nzima, kusawazisha hedi mashineni, gasketi mpya, oili na filta ni fedha ndogo kabisa ukilinganisha na injini. Kama beringi zimekwisha, basi, injini inunuliwe, lakini mtakuwa mmeona kwa macho. Na bima msiihesabu. Bima ndogo ni ya kumlipa mwingine uliyemgonga, na hata hiyo kubwa kwa kawaida huwa hailipi injini iliyochemka.

Nije kwa mumeo.

Kule Msata simlaumu. Msamvu namlaumu kidogo: gari linalokunywa karibu lita tano baada ya safari ya asubuhi moja halina kiu, linavuja au linachemsha, na Morogoro mafundi hawakosekani. Lakini pale Kitonga, mshale uliposhuka, hapo ndipo injini ilipoumizwa hasa, naye akacheka. Kile kidude kinachopeleka habari kwenye mshale kimejengwa kukaa ndani ya maji. Maji yakiwapo kinasema ukweli. Maji yakiisha, kinabaki kwenye hewa na mvuke, na mara nyingi kinaanza kusoma chini. Injini wakati huo inakaangika kavu, na dashibodi inakwambia mambo shwari. Marehemu alikuwa akisema mshale unaopanda ni mgonjwa anayelalamika, na ukishuka ghafla mlimani ni mgonjwa aliyenyamaza. Mtu yeyote mwenye kuendesha masafa alitakiwa ashtuke pale kuliko alivyoshtuka mwanzo.

Na hoja yake ya kugongwa haikuwa ya uongo. Kitonga si mahali pa kuegesha ovyo. Lakini mlima ule haujaanza ghafla. Kabla yake mlipita Ruaha Mbuyuni, tambarare, kwenye vitunguu vyako. Pale alikuwa na nafasi, kivuli na maji. Na hata katikati ya mlima kuna la kufanya: unazima AC, unafungua hita ya ndani mpaka mwisho, ndiyo, mtakaangwa nyie badala ya injini, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili, inachota joto kutoka kwenye maji. Inakupa dakika chache za kutafuta sehemu iliyo pana. Ukishasimama unaweka pembetatu na matawi mbali nyuma ya gari, watoto wanatoka upande wa mlima, si upande wa barabara.

Kisha hakuna anayegusa rejeta kwa nusu saa au zaidi. Kile kifuniko kina springi, kinashikilia presha ili maji yapite nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua, presha inaondoka, na sehemu ya maji yale inageuka mvuke ghafla. Mkono wa mumeo umelijua hilo. Halafu akamimina lita tano za baridi kwenye chuma kilichokuwa kinawaka. Ndiyo maana nimesema hedi iangaliwe ufa.

Unaona, sijamtetea. Sasa nije kwa kaka yako, na hapa nataka usome polepole.

Umeniandikia kwamba alikuwekea dumu la maji kwenye buti, ukalitaja kama wema. Mie lile dumu lilinisimamisha. Mwanangu, mwenye gari zima humpa mgeni wake gurudumu la akiba, jeki, na dua. Anayekupa maji ya rejeta ni yule ambaye kila gulio anaongeza maji. Gari lake analijua: kwa safari fupi za kwenda Tanga na kurudi, linavumilia. Akalitoa kwa safari ya zaidi ya kilomita 800, watu saba na magunia mawili ya nazi, kutoka usawa wa bahari mpaka kwenye baridi ya Njombe, na hakusema neno. Pengine aliona haya kusema "nakupa gari lakini bovu". Pengine alidhani dumu limetosha kusema. Halikutosha.

Fundi wa tatu akishafungua hedi, aangalie pia rejeta. Huku pwani watu hujaza maji ya kisima yenye chumvi, mwaka baada ya mwaka, kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, hawaijui, na chumvi na kutu vinaganda ndani ya vile vimirija mpaka maji hayapiti. Na aulize thamostati iko wapi, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kwenda kwenye rejeta. Mafundi wetu wana tabia ya kuing'oa na kuitupa, wakisema gari litapoa zaidi. Katika injini nyingi ile thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiing'oa, njia inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka humo humo kwenye injini bila kufika kwenye rejeta. Mjini huoni kitu. Mlimani unaona.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii, na kama wazee wenu wa Muheza wana nyingine, wafuate yao. Hedi, gasketi, oili na kazi ya fundi ni juu ya mumeo, pamoja na kwamba alikwisha lipa Ilula, maana Ilula alinunua kazi nusu kwa amri yake mwenyewe. Rejeta, pampu ya maji, thamostati, kama vitakutwa vibovu, ni juu ya kaka yako, vilikuwa vibovu kabla nyie hamjafunga mikanda. Ikitokea injini kweli imekwisha, mumeo abebe theluthi mbili, kaka theluthi moja, na mumeo alipe kidogo kidogo kila mwezi kwa maandishi. Zile 400,000 za gari kulala siziungi mkono. Gari lilitolewa kwa undugu, haliwezi kugeuka la biashara baada ya kuharibika.

Limebaki swali lako mwenyewe, la kusema au kunyamaza.

Usiseme uongo. Njia ya mwongo ni fupi, na yenu ni fupi zaidi kwa sababu kwenye gari mlikuwa saba. Una watoto watatu, na mtoto aliyemwona baba yake anaunguzwa na rejeta atamsimulia bibi yake siku yoyote ile, bila kuulizwa. Lakini usikimbilie kwa kaka pia. Ukweli huu mwenye kuusema ni mumeo. Ukiusema wewe umemshtaki, akiusema yeye amekiri, na kwa watu wetu mambo hayo mawili yana bei tofauti.

Kaa naye usiku, watoto wakilala. Usianze na Kitonga, anza na Ruaha Mbuyuni. Mwambie kweli ya vitunguu, kwamba kiti kilikuwa kinakuunguza nawe ukaogopa kumwambia. Hilo ni kosa lako, dogo, lakini ni lako, na ukilitoa kwanza atapata mahali pa kuweka la kwake. Mie namwelewa kuliko unavyodhani. Miaka minne hajafika kwao, anaingia na gari, kila saa anajiona anashuka mbele ya mama yake. Mtu wa hivyo kusimama njiani na boneti wazi, mabasi ya kwao yanapita na watu wanamchungulia, anaona ni afadhali gari life. Likafa.

Kisha mwambie wazi kwamba hutasema lilichemsha ghafla. Mpe mpaka Jumamosi aende mwenyewe kwa kaka yako akaseme. Asipokwenda, kaka yako akikuuliza tena utamjibu ulichokiona: mshale Msata, maji Morogoro, kiti Ruaha Mbuyuni. Hutaongeza hukumu, na hutapitia kwa mama. Mama aachwe pembeni kabisa, mtoto wa kiume akisemwa kwa mama yake hafungui tena sikio.

Akienda, mpange maneno yake. Aseme lake lote kwanza, Msata mpaka "funga hivyo hivyo" ya Ilula, bila kutaja dumu. Akianza na dumu ni ugomvi, kaka yako atasema "nimekupa gari na maji bado unanilaumu". Akishamaliza kukiri, kaka yako akiwa ametulia, ndipo aulize kwa upole: "Na wewe shemeji, ulianza lini kuiongezea maji?" Halafu anyamaze asubiri jibu.

Apande gari la Muheza Jumamosi asubuhi na mapema, kaka yako asije akawa ametoka. Aende na ile gasketi iliyoungua kama hakuitupa, na karatasi ya malipo ya fundi wa Ilula. Wewe baki Makorora.

Shangazi